Kunde Mbichi, Pichi za Kopo

Siku yangu ya mwisho jikoni, kabla ya keki na hotuba, nilichukua kalamu nikaongeza neno moja kwenye orodha ya vyakula walivyokatazwa wagonjwa wa figo, ile iliyobandikwa ukutani kando ya friza. Niliandika "munyu". Sharon, mtaalamu wetu wa lishe, ambaye kwa umri ni sawa na kitinda mimba wangu, alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha soda.

"Mum, munyu ni nini?"

"Ni hadithi ndefu."

"Si uniambie tu."

Watu walikuwa wananingoja nikate keki, nikamwambia nitamwandikia. Basi hii hapa, Sharon. Wasomee na wenzako wa jikoni, maana kuna mengine humu ya kuwafaa. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha. Cheo changu mlikijua, na mshahara wangu haukuwahi kukaa nami siku nyingi za kutosha tukajuana.

Niliingia hospitali hii miaka ishirini na tisa iliyopita, nikitembea kutoka Kangemi hadi Parklands na viatu vya kazi kwenye mfuko ili visichafuke. Nilikuwa nimetoka Bungoma nikijua kupika, au ndivyo nilivyodhani. Mpishi mkuu alikuwa Mama Njoki, mzaliwa wa Riruta, wa ukoo uliokuwepo pale kabla ya plot kugeuka nyumba za kupangisha. Kwao walikuwa na vyumba vya wapangaji mbele, sukuma wiki nyuma, na katikati mti mmoja wa pichi uliopandwa na babake. Alikuwa mfupi, mpana, na mkono wake mmoja ulikuwa na alama za moto kuanzia kifundo hadi kiwiko. Alinitazama juu hadi chini, akaniuliza jina.

"Jentrix."

"Jentrix, hapa hatupiki chakula ya harusi. Hapa mtu anakula akiwa hataki. Umeelewa?"

Nilisema nimeelewa. Sikuwa nimeelewa hata nusu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mfuko wa minji za friza. Kwetu minji ilikuwa kitu cha kutoa kwenye ganda, na sikuwahi kuona minji ngumu kama changarawe. Nikauweka mfuko karibu na jiko uyeyuke taratibu. Kufikia saa nne minji zilikuwa zimelegea, zimejaa maji, na nilipozichemsha zikageuka uji wa kijani. Mama Njoki alikuja akachungulia sufuria.

"Ulikuwa unaziamsha kwanza?"

Hakunipigia kelele. Alinipakulia sahani nzima, bila chumvi, akasema hicho ndicho chakula changu cha mchana. Tangu siku hiyo najua: kitu cha friza kinatoka kwenye barafu na kuingia kwenye maji yanayotokota, hakipumziki njiani. Nimewafunza wote waliopita mikononi mwangu, na wawili watatu niliwalisha uji wa kijani pia, maana somo la tumbo halisahauliki.

Msidhani alizichukia minji za friza. Aliziheshimu kwa shingo upande. Alikuwa akichukua minji mbichi ya gunia kutoka sokoni, anatafuna punje moja, anatema. "Hii imekaa gunia siku nne. Si minji tena, ni maharagwe inajifanya." Ile ya friza, alisema, angalau iligandishwa siku iliyochumwa. Kwake kitu kibichi kilikuwa kibichi kama umande bado umo, na kama haumo, ni heri barafu. Asubuhi alikunja jani la spinachi sikioni mwangu nisikie kama linalia. Jani lisilolia alilirudisha kwa mwenye gari la mboga, na mwenye gari hakubishana naye.

Makopo ndiyo hakuyapenda. Kifungulio cha makopo alikitundika kwenye msumari karibu na dari, hata ukikitaka unapanda stuli, ili upate muda wa kujionea haya ukipanda. "Kopo ni ya mpishi ameshindwa na kazi," alisema. Kitu kingine ambacho hakukipenda ni ndizi mbivu. Matoke alikula, mukimo wa ndizi alikula, lakini ndizi ya kuiva, ile tunayowapa wagonjwa kila siku, hakuigusa hata kwa njaa. "Hiyo ni ya mtu hana meno." Tulimtania sana, tunamwachia ndizi mezani kwake na kumsalimia kama mtoto mchanga. Alikuwa akiitupia yeyote aliye karibu.

Na bado ni yeye aliyenifunza makopo. Tazama matako ya kopo kwanza, alisema. Kama yamefura, hata kidogo, tupa, usifungue kuhakikisha. Kama limebonyea penye mshono, tupa. Kama ni mboga, mwaga maji yake ya chumvi na uzioshe kama unaosha mchele. Kama ni tunda, mwaga ile sharubati, maana hiyo ni sukari tu inayojifanya tunda. Kilichobaki kisilale ndani ya kopo, kihamishie bakuli.

Mwaka mmoja mvua zilikata barabara na mboga hazikufika siku tatu. Wodini tulikuwa na mzee mmoja wa hapa hapa Parklands, Mhindi wa dini ile isiyokula chochote kilichokua chini ya udongo: hakuna kitunguu, hakuna karoti, hakuna waru wala kiazi kingine. Kwenye friza zilibaki karoti tupu. Mzee alikuwa amefanyiwa upasuaji na hakuwa amekula tangu jana yake. Mama Njoki aliburuta stuli mwenyewe, akapanda, akashusha kile kifungulio. Alifungua makopo mawili ya mishiri, zile maharagwe changa za kijani, akazisuuza mara tatu, akazikaangia bizari nyembamba na mbegu za haradali. Sahani ilirudi tupu, na mzee akatuma mwuguzi aje aseme asante.

"Usiambie mtu," Mama Njoki aliniambia, akirudisha kifungulio msumarini.

Ndivyo alivyokuwa. Nilimpenda kama mama, na sioni haya kuliandika.

Kisha hospitali ikafungua wodi ya figo, na Bi Achieng akaja. Alikuwa mtaalamu wa lishe wa kwanza tuliyewahi kumwona, msichana mwembamba mwenye miwani na orodha. Alitukusanya akatueleza kwamba figo zikichoka haziwezi kutoa potasiamu mwilini, na potasiamu ikizidi moyo unapoteza mdundo, unaweza kusimama mtu akiwa anaongea. Na potasiamu imejaa kwenye vitu vile vile tulivyovisifu: majani mabichi, ndizi, parachichi, nyanya. Kwa hivyo majani yakatwe, yalowekwe, yachemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe, yachemshwe tena, yamwagwe tena. Halafu akasema neno lililomchoma Mama Njoki moyoni: kwamba kwa wagonjwa hawa, pichi za kopo zilizomwagwa maji yake ni bora kuliko pichi mbichi iliyochumwa leo, kwa sababu sehemu ya potasiamu imeshatoka na ile sharubati.

"Yaani wewe unapika mboga halafu unamwaga mboga," Mama Njoki alisema.

"Mama, ni figo zao."

"Na hiyo maji unamwaga, si ndiyo mboga yenyewe?"

Alitii, lakini trei za figo alizipika akiwa amenuna. Kifungulio kilishuka kutoka darini kikakaa kwenye droo, maana sasa kilitumika kila siku. Nilimwona akikitazama kwenye ile droo vile mtu hutazama mke mwenza.

Sasa nije kwenye munyu.

Sisi wa magharibi tunalainisha mboga kwa munyu. Unachukua maganda ya maharagwe yaliyokauka, unayachoma, majivu unayashindilia kwenye chombo chenye matundu chini, unamimina maji juu, na chini yanadondoka maji ya rangi ya chai ya rangi. Hayo ndiyo munyu. Yana ladha ya chumvi kidogo, na majani ya kunde, hata magumu, yakipikwa nayo yanalegea na kuwa laini mdomoni. Maji yake humwagi, ndio utamu. Nyumbani chombo chetu kilikuwa chungu. Nairobi nilitumia kopo kubwa la pichi nililolitoa jikoni, nikalitoboa kwa msumari.

Siku moja nilileta kunde zangu za munyu kazini kwa chakula cha mchana. Mama Njoki alionja kidogo kwa ncha ya kijiko, kwa dharau ya mtu wa Riruta aliyezaliwa kati ya sukuma na managu. Akaonja tena. Mwishowe alipangusa sahani kwa ugali hadi ua lililochorwa ndani likaonekana.

"Wee Jentrix. Hii kitu mlikuwa mnatuficha?"

Tangu hapo kila Ijumaa nilileta. Alinisifu kwa kila mtu, hata kwa madaktari. Waswahili wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi sifa zilinifanya nisiwe na swali lolote tena juu ya mboga zangu.

Alistaafu kabla ya wakati. Ilianza na presha, ikaja sukari, miguu ikavimba, na siku moja akaniambia tukiwa stoo, akihesabu mifuko ya wali, kwamba figo zake ndio hizo, zimemaliza safari. Alisema vile unavyosema gesi imeisha. Nilichukua nafasi yake jikoni, naye akaanza kuja hospitali yetu mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, kulala kwenye mashine ya kusafisha damu. Trei yake nilipika mimi. Mboga zilizochemshwa mara mbili, kuku asiye na chumvi, pichi za kopo. Ilirudi kama ilivyokwenda. Alifunua kifuniko, akanitazama, akafunika tena.

Alikonda. Mikono ile minene ikawa kamba na ngozi. Bintiye, Njoki, ambaye alikuwa mwalimu na alimlea mamake peke yake kule Riruta, alinipigia simu akilia kwamba mama amekaa wiki mbili kwa chai na kipande cha mkate. Ijumaa hiyo nikaenda kumwona kwenye mashine.

"Mama, sema unataka nini."

Alifikiria. "Kunde zako."

"Mama, majani umekatazwa."

"Nimekatazwa chumvi. Wewe unaweka chumvi?"

"Hapana. Naweka munyu tu."

"Basi."

Sharon, nataka uelewe jinsi akili yangu ilivyofanya kazi, kwa sababu utakutana na wengine wenye akili kama hiyo, na si wajinga. Nilijua habari ya kuchemsha mara mbili. Nilikuwa nimefundisha watu. Lakini ile ilikuwa sheria ya mboga za hospitali, na hizi zilikuwa kunde za kwetu, zilizochumwa asubuhi ile kwenye kipande cha shamba nyuma ya Kangemi, umande bado umo. Chumvi ya dukani ndiyo iliyokatazwa, na munyu kwetu ndio tunaowapa wazee wa presha badala ya chumvi. Bibi yangu alizeeka nao. Niliona nimepata njia ya katikati ambayo Bi Achieng, kwa vitabu vyake vyote, hakuijua. Nilijivuna, kusema kweli.

Jumamosi nilizipika, nikazipeleka Riruta kwenye bakuli lililofungwa kwa leso. Njoki alikuwa ametoka kwenda sokoni. Mama Njoki alikaa kwenye kiti nje, akala. Alizila zote, na mchuzi wake, na bakuli akalipangusa. Akacheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Aliniambia habari za mwenye gari la mboga na yale majani yasiyolia, tukacheka wote. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Jumatatu asubuhi walimleta hospitali akiwa amebebwa. Miguu ilikuwa haina nguvu, moyo ulikuwa unadunda mara tatu na kuruka. Walimweka kwenye mashine bila kungoja zamu yake. Nilipanda wodini nikiwa na trei mkononi kwa sababu sikujua nishike nini kingine. Daktari alikuwa anamuuliza Bi Achieng, Bi Achieng anauliza kila mtu.

"Amekula nini tangu Ijumaa? Potasiamu imepanda vibaya sana. Amekula nini?"

Njoki alisema hajui, yeye alimpa chai. Bi Achieng akanigeukia. "Jentrix, wewe ulienda kumwona Jumamosi. Ulimpelekea kitu? Uliweka chumvi?"

"Hapana," nikasema.

Ilikuwa kweli. Sikuweka chumvi. Hakuna uongo niliowahi kusema unaonilemea kama ile kweli. Nikafungua mdomo niongeze, na hapo Mama Njoki, ambaye tulidhani amelala, akasema bila kufungua macho:

"Ni ndizi."

"Ndizi, Mama?"

"Ndizi mbili za kuiva. Nilinunua kwa yule wa gate. Nilikuwa na hamu."

Kisha akafungua macho akanitazama. Nilimjua miaka mingi, nilijua anachosema. Mfanyakazi wa jikoni aliyempa mgonjwa chakula alichokatazwa alifutwa siku hiyo hiyo, na mimi nilikuwa na watoto watatu shuleni na mume aliyekuwa akitafuta kibarua. Bi Achieng akaandika kwenye faili. Nilimwona akiandika. Nikaweka trei chini, nikarudi jikoni kupika mchana.

Wiki ile ile wakaja walinzi wakamfukuza mama aliyekuwa akiuza ndizi kwenye lango letu. Alikuwa amekaa pale miaka, na wagonjwa walimfahamu. Ndizi ziliandikwa kwenye orodha kwa herufi kubwa nyekundu. Mmeziona nyote, na kila mwajiriwa mpya huuliza kwa nini ndizi zimepigwa mstari mara mbili.

Mama Njoki alipona shambulio lile, ila hakurudi alivyokuwa. Na mimi nilijilaumu kwa majani tu, kwa kutomwaga maji. Sehemu ya pili nilikuja kuijua mwezi mmoja baadaye, kwenye mafunzo ya Alhamisi. Bi Achieng alikuwa akitueleza potasiamu inatoka ardhini, mmea unaivuta, na mmea ukichomwa haipotei, inabaki kwenye majivu. "Majivu ya mimea ni potasiamu iliyokolea," alisema, "zamani watu waliitoa humo." Kisha akaendelea na mambo ya sukari. Nilikaa pale na kalamu yangu. Nilikuwa nimemchujia mama yangu potasiamu tupu, tone kwa tone, kwenye kopo la pichi.

Ijumaa nilimwendea kwenye mashine nikamwambia kila kitu, nikamwambia nitamweleza Bi Achieng leo leo.

"Halafu?"

"Halafu wajue."

"Wakikufuta mimi nitapikiwa na nani? Na yule kijana wako wa jikoni anachemsha minji hadi inakuwa mtori?" Alishika mkono wangu. "Nyamaza, Jentrix. Mimi ndiye niliomba. Wewe uliniletea chakula na nikala. Mambo imeisha."

Haikuwa imeisha, lakini nilinyamaza. Ni rahisi sana kutii mtu anapokuamuru ufanye kile unachotaka.

Alikaa nasi miezi mingine minne. Wiki yake ya mwisho ilikuwa msimu wa pichi, na mti wa babake kule Riruta ulikuwa umejaa hadi matawi yanainama. Njoki alimletea moja, si ya kula, ya kunusa tu. Aliiweka juu ya shuka karibu na shavu lake. Jikoni mimi nilitoa kifungulio kwenye droo, nikafungua kopo la pichi. Nilimwaga sharubati yote, nikazisuuza, nikazikata vipande vidogo na kumpelekea. Nilikaa kando ya kitanda nikimlisha kwa kijiko cha chai.

Alitafuna taratibu. "Umemwaga maji yake?"

"Nimemwaga, Mama."

"Yote?"

"Yote."

"Haya." Akafungua mdomo kwa kipande kingine. Alikula vipande vitano, na ile pichi ya babake ikinukia pale shavuni. Alifariki siku ya tatu yake. Kama zile kunde zilimpunguzia siku, sijui ni ngapi. Daktari hakusema nami sikuuliza.

Mazishini, tukiwa tunaosha sahani, Njoki alinivuta kando.

"Auntie, kuna kitu inanisumbua. Mama na ndizi? Mama hakuwa anakula ndizi."

Nilikuwa na maneno mdomoni. Nikasema, "Ugonjwa hubadilisha hamu ya mtu." Aliitikia kwa kichwa, polepole, akaendelea kuosha. Hilo silo Mama Njoki aliloniomba. Hilo nililifanya mwenyewe, na ndilo linaloniamsha.

Baada ya hapo nilianza mtindo wangu wa siri. Akilazwa mgonjwa wa figo ambaye jina lake linatoka upande wetu, nilimfuata mkewe au bintiye kwenye korido, nikamsalimu kwa lugha ya nyumbani, nikamnong'oneza: munyu achana nao kwanza. Wengine walishtuka, wakasema mgonjwa anakula mboga za munyu kila siku kwa sababu amekatazwa chumvi. Waliacha, na baadhi niliwaona wakitembea tena kwa miguu yao. Nilijihesabia hilo kama malipo. Lakini nilikuwa na siku za mapumziko, Sharon. Nilikuwa na likizo, nilikuwa na zamu. Wangapi walipita siku ambazo sikuwa kwenye korido? Neno moja kwenye orodha lingewafikia wote, na sikuliandika, kwa sababu mtu angeniuliza nimejuaje. Mficha uchi hazai, na mimi nilificha hadi nikastaafu.

Kwa hivyo jibu la swali lako ni hili. Munyu ni maji ya majivu, na kwa mgonjwa wa figo ni hatari kuliko ndizi. Usiwaulize watu wetu kama waliweka chumvi. Watakwambia hapana, na watakuwa wanasema kweli. Waulize mboga ililainishwa na nini, na maji yake yalikwenda wapi. Ukiulizwa na mwenye figo nzima kipi bora, kibichi, cha kopo au cha friza, mwambie kilicho kibichi kikweli, kisha cha friza, kisha cha kopo kilichosuuzwa, asiogope hata kimoja. Lakini kwa wale wa wodi ile usijibu kabla hujajua figo zao. Mimi nilijibu kwa moyo, na moyo haujui kusoma vipimo.

Na kama faili la Mama Njoki bado lipo kwenye stoo ya rekodi, palipoandikwa ndizi mbili, andika kando: kunde za Jentrix, za munyu.

Nilidhani ningemalizia hapo. Lakini nilipoisoma tena niliona kwamba wa kwanza kuipata hakupaswa kuwa wewe. Jana asubuhi nilikwenda Riruta. Njoki sasa ana mvi. Shamba la nyuma limekwisha kuwa vyumba vya wapangaji, ila ule mti wameuacha. Alinikuta getini, nikampa karatasi hizi kabla sijapoteza ujasiri, naye akazisoma pale pale amesimama, karatasi moja baada ya nyingine, bila kuniangalia. Nilitazama viatu vyangu.

Alipomaliza alizikunja akanirudishia.

"Mpatie huyo Sharon," alisema. "Nilijua haikuwa ndizi."

"Nisamehe, Njoki."

Alishika geti kama anayetaka kulifunga, kisha akasimama.

"Siku hiyo nilikuwa nimeenda soko kumtafutia kitu atakula. Nilirudi na mfuko mzima, hakutaka chochote, alisema ameshiba. Nilidhani ananidanganya. Hizo kunde, alizimaliza?"

"Alizimaliza."

"Zote?"

"Alipangusa bakuli."

Njoki aliitikia kwa kichwa mara mbili, kama vile siku ile ya kuosha sahani, akafunga geti.